Mkono wa Gauni Bado Kombo

Katoro, Geita
3 Desemba

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Kabla ya yote naulizia magoti yako. Ile dawa ya kuchua niliyompa konda wa basi ilikufikia, au Gregory aliipaka kwenye mnyororo wa pikipiki? Naulizia pia mvua za Didia, maana huku zimenyesha mpaka mashine za kusaga mawe zimezama kwenye tope, lakini kila anayetoka huko anasema mahindi yenu yamesimama tu yanaangalia juu. Mimi sijambo. Mjukuu wako Davis hajambo, kazi ya umeme anaendelea nayo, anakuamkia. Vyerehani vyangu vyote kumi na moja vinatembea. Mafundi tisa, hao wanatembea wakipenda.

Utashangaa kwa nini barua wakati simu ipo. Mama, simu yako haina siri. Unaiweka sauti ya juu, unaiegemeza kwenye ndoo, na mji mzima unanijibu. Kwa hiyo nimempa barua hii mama mmoja wa kanisani kwetu anayekuja kuzika hapo Didia, nikamwambia aiweke mkononi mwako, si mkononi mwa mwanao Gregory.

Najua huwezi kuisoma, na najua atakayekusomea ni Noela. Sawa, ndivyo ninavyotaka. Noela, mwanangu, soma kwa sauti ya kumtosha bibi yako, na usiruke mstari hata ukikuta jina lako. Baba yako akitokea, ikunje uendelee kuchambua mboga. Na wewe Mama, acha kwanza hiyo kazi unayoishikashika. Kaa.

Nianze na simu ya mwezi uliopita. Alipiga Gregory. Alinisalimia kwa upole ambao si wake, nikajua ana shida. Akasema Noela anamaliza kidato cha nne, miaka kumi na nane ametimiza, na Ndaki, yule mnunuzi wa dhahabu wa hapa Katoro, ameshaleta ng'ombe, wako zizini wanakula. Harusi baada ya Krismasi. Nikamuuliza haraka ya nini, matokeo si yanatoka Januari? Akasema ndiyo maana. Yakitoka mazuri mtoto ataanza kiburi cha kidato cha tano, yakitoka mabaya Ndaki atataka kurudishiwa baadhi ya ng'ombe. Huyu ndugu yangu angekaa darasani akasoma hesabu, angefika mbali.

Akasema kilichobaki ni gauni tu, kwa kuwa marehemu Baba aliacha neno kwamba binti wa mji wa Bujiku hatoki mlangoni bila gauni lililoshonwa na mkono wa mji huo huo. Maneno mengi ya Baba Gregory ameyaacha njiani, ila hilo amelishika sana, kwa sababu mshonaji ni mimi.

Sitakuficha Mama, sikumkatalia. Nilisema moyoni kidato cha nne kinatosha, mimi sikufika hata hapo na leo nalipa watu mishahara. Nilimwambia tu kwamba Ndaki ana mke hapa Katoro, nimemshonea vitenge mara nyingi. Gregory akasema mwanamume mwenye uwezo hawezi kukosa mtu nyumbani. Nikaguna tu. Nikamuuliza kipimo cha kiuno.

Ndipo wewe ukaichukua simu. Sauti ya juu ilikuwa wazi, nilimsikia Gregory akikohoa pembeni. Hukuuliza habari za Davis. Hukuuliza habari za biashara. Ulisema hivi: "Paskazia, hilo gauni lishone kama Induben alivyokufundisha." Kisha simu ikakatika.

Nilikaa nayo mkononi kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake mbele ya wageni. Kwa sababu unajua vizuri Induben alinifundisha nini. Alinifundisha kufumua.

Noela hazijui habari hizi, kwa hiyo nimweleze, wewe vumilia. Induben ni mjane wa Kihindi wa Shinyanga mjini, mwenye duka la vitambaa. Mumewe alipokufa alimwachia duka na ghala la pamba nyuma yake. Ndugu zake walitaka ghala lipangishwe. Yeye akatoa marobota, akapaka chokaa, akaweka vyerehani upande mmoja na vitanda upande wa pili, akaanza kuzunguka vijijini na pikapu kuwaomba wazee mabinti. Enzi zetu mtoto wa kike akimaliza la saba asichaguliwe, basi, amemaliza. Na waliochaguliwa hapo Didia mwaka wetu walikuwa wavulana watatu. Induben hakutaja shule. Angetaja shule angefunguliwa mbwa. Alikaa na wazee kwenye kigoda, akazungumza Kisukuma kuliko watoto wao, akawaambia binti anayejua cherehani anaongezewa ng'ombe. Wazee wakaitikia kwa vichwa.

Asubuhi tulishona. Mchana mlango ukishafungwa, ubao ulitolewa nyuma ya majora ya vitambaa, tukasoma hesabu, Kiingereza na baiolojia, tukijiandaa kwa mtihani wa maarifa, ule wa kidato cha pili kwa wanaosoma nje ya shule. Wahindi wenzake walimwambia anapoteza kitambaa kizuri kwa watu wasio na shukrani. Wazee wetu walisema anawafundisha mabinti ubishi. Yeye aliwasikiliza wote, akawauzia vitambaa, akarudi ubaoni. Katika wale wa wakati wangu mmoja leo ni hakimu, na Apolonia tuliyelala naye kitanda kimoja anaongoza kituo cha afya huko Mhunze. Hakuna aliyekuwa ameanza kazi hiyo kabla yake, si mzungu, si serikali, si padri. Hilo nalisema, na hata nilipokuwa na hasira naye nililisema.

Baba alikubali niende kwa sharti moja: nikae mpaka nishone gauni langu la harusi mwenyewe, kuanzia kukata mpaka kifungo cha mwisho. Nilidhani ni fahari za wazee tu. Nikapewa tetroni nyeupe nikaanza. Wenzangu walishona vya kwao, wakakaguliwa, wakapita. Mimi nikimaliza mkono, Induben anauinua dirishani, anautazama. "Kombo. Fumua." Nikimaliza shingo, "Imevuta. Fumua." Pindo hata halikutazamwa vizuri, "Fumua." Wenzangu walinigeuza jina. Fumua, njoo ule. Fumua, zamu yako kuchota maji. Kwenye hesabu hakuna aliyenikaribia, lakini mbele ya kile kitambaa nilikuwa mjinga wa ghala zima. Tetroni ilitobolewa na sindano mpaka ukiishika juani unaona upande wa pili.

Mtihani ulipokuwa umekaribia nikasema imetosha. Jumapili moja nilivibeba vipande vyangu, nikaenda kwa fundi wa barazani sokoni, nikamwomba cherehani chake wakati yeye yuko kanisani. Nikashona bila kuinua kichwa. Mikono, shingo, pindo, vifungo. Nikapanda gari la Didia, gauni kwenye mfuko, na nilipofika nikalivaa nikatoka nalo mbele ya Baba, wageni wakiwa wamekaa.

Baba alisimama! Alinizunguka akilikagua gauni kama anakagua ndama, akawaambia wageni ng'wana Bujiku, mtoto wa Bujiku, amewaweza, akaagiza mbuzi achinjwe. Mimi nilikuwa nakutazama wewe, Mama. Nilitaka useme neno. Uliinuka ukaingia jikoni, na hukutoka mpaka wageni wameondoka. Nikasema moyoni, hata mama yangu yuko upande wa Induben.

Kabla wiki haijaisha nilikuwa nimepakiwa kwenda Nyarugusu kwa mchimbaji ambaye sikuwahi kumwona. Mwenyewe unajua yaliyofuata. Davis hajaota meno, baba yake akafuata dhahabu Chunya, na huko ndiko alikopotelea. Nikaanza kwa kushona viroba vya mawe vilivyopasuka, nimekaa chini na sindano ya mkono, wachimbaji wananirushia kiroba kama wanamrushia mbwa mfupa. Kisha ovaroli, leo sare za shule. Kila nilichonacho nimekipata kwa mikono ambayo Induben alisema ni kombo. Hasira ile imenipikia ugali siku nyingi, sikatai.

Kwa hiyo uliponiambia nishone kama alivyonifundisha, nilipanda basi kesho yake. Satini ningeipata hapa hapa Katoro. Nilitaka kuinunua dukani kwake, mita nane, ya bei ya juu, halafu nimwambie ya moyoni usoni kwake.

Dukani nilimkuta mjukuu wake, Priya, msichana mcheshi anayeuza huku anajibu simu mbili. Nilipotaja jina langu mkasi ulisimama. Akasema bibi huniulizia. Nikamwambia bibi yake atakuwa ananichanganya na mtu mwingine. Akanipeleka nyuma. Lile ghala sasa ni hosteli ya mabinti wa sekondari wanaotoka mbali. Kushona ni Jumamosi tu, na ubao umepigiliwa ukutani, mlango uko wazi, kila apitaye auone.

Induben amekuwa mdogo kama mtoto. Macho hayaoni tena. Hotuba yangu nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima. Nikatoa shikamoo kwa sababu ulinilea hivyo, akaitikia marahaba, akanyoosha mkono akanishika begani. Vidole vikateremka kwenye mshono wa gauni nililovaa, vikazunguka kwapani, vikarudi juu. Akauliza nani kashona. Nikajibu mimi. Akacheka, akasema, "Ng'wana Bujiku. Hata siku zile ulikuwa hivi hivi. Sijapata tena mshonaji wa mikono kama wewe."

Nikamuuliza, kama ni hivyo, ulinifumulisha kwa nini? Sauti ilinitoka kubwa mpaka Priya akaja mlangoni. Induben akauliza, taratibu sana, kama mtu anayepapasa gizani asivunje chombo: "Mama yako hajakuambia?"

Mama, sasa nakuandikia niliyoambiwa, uyasikie kwa sauti ya mjukuu wako, kwa kuwa mimi nilistahili kuyasikia kwa sauti yako.

Niliambiwa kwamba kabla sijapelekwa ghalani, Baba alikuwa amekwisha kuniahidi kwa yule mtu wa Nyarugusu. Kwamba sharti la gauni halikutoka kwa Baba. Lilitoka kwa Induben, akamtilia mdomoni mpaka Baba akaliona la kwake. Kwamba siku ya gulio ulikwenda Shinyanga na kuku wawili kama mtu anayeuza, ukapita mlango wa nyuma, ukamwambia Induben siku gauni hili likiisha mwanangu anaondoka. Kwamba ulimwambia, "Basi lisiishe."

Na halikuisha. Baba alikuja na baiskeli kuuliza limefikia wapi, Induben akamtandikia vipande mezani, akamwambia, "Mzee Bujiku, kweli unataka wakwe waone pindo hili?" Baba akaona aibu, akapanda baiskeli akarudi. Akaja tena, akaoneshwa shingo. Hivyo hivyo, akisukumwa mbele mpaka nifanye mtihani. Masista wenye shule ya sekondari walikuwa wameshakubali kunipokea nikifaulu, kitanda changu kipo.

Kisha nikatokea mimi na akili zangu zote, nikalimaliza.

Induben hakunilaumu. Alijilaumu yeye. Alisema mabinti wengi waliopita pale amesahau hata sura zao, mimi hajanisahau, kwa sababu kosa lile ni lake. Alidhani mtoto asiyejua hawezi kuharibu. Akaniambia, "Nilikuficha ili usije ukasema kwa mdomo. Ukasema kwa mikono." Akanieleza pia kwamba alikuja Didia na pikapu kuniombea, na Baba alimfukuza mpaka barabarani, wewe ukiwa umesimama mlangoni. Kwa Kisukuma akaniomba radhi. Mzee kama yule, ananiomba radhi mimi! Hotuba yangu sijui ilidondokea wapi.

Sasa Mama. Sikuandikii nikugombeze, na hapo hapo nakugombeza. Ulimwogopa Baba, naelewa, sote tulimwogopa. Lakini Baba tumemzika zamani. Baada ya hapo ulimwogopa nani? Krismasi zote nilizokuja, tumekaa mkekani tunachambua choroko, mimi namtukana Induben kuanzia asubuhi mpaka choroko ziishe, na wewe unaniambia, "Nipitishie huo ungo." Ungo, Mama! Ulikuwa unanihurumia au ulikuwa unaona haya? Uniambie, hata kwa kumwandikisha Noela. Nimebeba mzigo ambao haukuwa wangu, na yule bibi wa watu ameubeba wa kwake, na wewe wako, kila mtu na njia yake.

Nilipofika stendi, satini iko kwapani, ndipo maneno yako ya kwenye simu yaliponirudia. Lishone kama Induben alivyokufundisha. Nikasimama katikati ya bodaboda, wananipigia honi. Mama, haikuwa kejeli. Ulikuwa unasema na mimi mbele ya Gregory, sauti ya juu ikiwa wazi, kwa maneno pekee uliyokuwa nayo. Na mimi nilikasirika. Nililia pale kwenye benchi la abiria mpaka muuza mayai akaniletea maji bila kuniuliza kitu.

Kwa hiyo niungame. Gauni la Noela nililimaliza wiki iliyopita. Nilitaka kwanza nilione. Nililitundika chumbani kwangu, hakuna fundi aliyeliona, na nakuambia kwa haki, sijashona kitu kama kile tangu nizaliwe. Nililitazama muda mrefu. Kisha nikachukua wembe, nikaanza na mkono wa kushoto.

Jumapili Gregory akapiga. Nikamwambia mkono umekuwa kombo, shingo imevuta, na satini hii inateleza kama kambale, nami siwezi kumtia aibu mbele ya wakwe wenye pesa zao. Nikamuuliza, "Kweli unataka Ndaki aone pindo hili?" Alihangaika sana. Akasema basi harusi isogee Februari. Februari nayo nitaifumua.

Najua gauni si ukuta. Matokeo yakitoka nakuja Didia mwenyewe, na ada ya shule nitaitoa mimi. Mke wa Ndaki nimeshazungumza naye. Habari za harusi hakuwa nazo, sasa anazo, na kwa nilivyomwona, Ndaki ana mambo mengi ya kujibu nyumbani kwake kabla ya kufika kwetu.

Noela, hapa punguza mwendo. Bibi yako na Induben walinipenda, wakanificha, nami kwa mikono yangu nikabomoa kila walichonijengea. Mimi sikufichi. Ndiyo maana nimeiandika barua hii nikijua msomaji ni wewe. Sikukuuliza kabla ya kuchukua kipimo cha kiuno chako, na hilo ni kosa langu, sasa nakuuliza. Ukimtaka Ndaki, niambie, gauni nitaliunganisha tena kwa siku mbili na nitacheza harusini mbele ya watu. Ukitaka kidato cha tano, basi baba yako akiuliza, wewe ulimsikia shangazi akilalamikia mkono. Sema hivyo tu. Usinisaidie kwa lolote. Ulikaa kwangu likizo nzima, najua unajua cherehani, na najua huwezi kuona kazi ya mtu imekaa vibaya ukaiacha. Hata nikija na gauni, iache. Usiguse sindano.

Nisalimieni wote wa hapo nyumbani. Msalimie na Gregory, Mama, mwambie ng'ombe wa watu awalishe vizuri, wasije wakakonda wakiwa mkononi mwake. Wewe nakuletea dawa nyingine ya magoti na kitenge, na tukishakaa mkekani, ungo utakaa pembeni kwanza. Simu ijayo niulize gauni limefikia wapi. Weka sauti ya juu, tena uiegemeze kwenye ndoo kama kawaida yako. Nitajibu Gregory asikie.

Barua ikishasomwa, chocheeni nayo moto wa chai. Wabeja, asante, Mama. Nimekusikia, ingawa nimechelewa.

Ni mimi mwanao,
Paskazia, Mama Davis,
waliyekuwa wakimwita Fumua.